Ujana Uliouzwa Kwenye Kichupa

Mama aliniambia ameanza kuchomwa sindano za kurudisha ujana huku anachambua maharage, bila kuinua macho, kama mtu anayekueleza kwamba amebadilisha sabuni. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka Mbinga mjini, ninakofundisha sekondari, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Kitura na bandeji na dawa ya kusafishia kidonda chake cha kisigino. Nikadhani sijasikia vizuri.

"Sindano za nini, Mama?"

"Za chembe hai," alisema. "Zangu zimechoka. Zinaamshwa."

Neno chembe hai hakulipata kwangu. Nimefundisha baiolojia tangu nina nywele nyeusi, na hata siku moja mama hajawahi kuniuliza chembe hai ni kitu gani. Sasa alikuwa analitamka kama jina la mjukuu.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa. Alichimba ngoro, yale mashimo yetu ya milimani yanayozuia mvua isikokote udongo, tangu akiwa msichana mpaka kisukari kilipomnyang'anya miguu. Kisukari kilifuatiwa na presha, presha ikafuatiwa na habari kwamba figo zimeanza kulegea, halafu kikaja kidonda cha kisigino ambacho kilikuwa kinakaribia kupona kila mwezi na hakiponi. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama alikaa peke yake kwenye nyumba aliyoijenga kwa kahawa yake mwenyewe, na kilichomuudhi kuliko maumivu ni kwamba vibarua walikuwa wanachuma kahawa ya shamba la juu bila kuchagua, nyekundu na mbichi pamoja, kwa sababu walijua hawezi kupanda kwenda kuwatazama.

"Wanajua sipandi," alikuwa akisema. Hakulalamika zaidi ya hapo.

Mwuzaji alikuwa ameingia kijijini wiki chache kabla. Nitamwita Dokta kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita, ingawa hakuna aliyejua alisomea wapi. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye koti jeupe juu ya shati safi. Alikodi ukumbi, akaita wazee wote wenye magonjwa ya muda mrefu, akawapa chai na maandazi, akawaonyesha ukutani picha za chembe za mwili zikiwaka na kuzimika kama taa. Akawaambia kwamba huko nje wataalamu wametengeneza peptidi, vipande vidogo vya protini, vinavyoingia mwilini na kuziambia chembe zilizozeeka zirudi kazini. Matajiri wanazitumia. Wacheza filamu wanazitumia. Ndiyo maana hawazeeki. Kwa nini mkulima wa kahawa azeeke?

Mama alikwenda kwa bodaboda, akasikiliza, akarudi na kumpigia simu kaka yangu aliyeko Dar es Salaam. Hakunipigia mimi. Kaka akaingia mtandaoni, akakuta watu weupe wenye vifua vipana wakizisifu hizo peptidi, akatuma pesa siku hiyo hiyo.

"Nionyeshe," nilimwambia mama.

Kichupa kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba, na ndani yake kulikuwa na unga mweupe uliong'ang'ania chini kama chumvi iliyopata unyevu. Vingine, aliniambia, vilikuwa dukani kwa jirani, kwenye friji ya soda, kwa sababu Dokta alisema vinataka baridi. Umeme wetu wa Kitura ninaujua. Nikavifikiria vile vichupa vikipata joto na kupoa, vikipata joto na kupoa, katikati ya chupa za soda, halafu vikiingizwa kwenye tumbo la mwanamke mwenye figo mbovu. Nikakigeuza kichupa. Kwa herufi ndogo kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa ajili ya utafiti tu, kisitumike kwa binadamu.

Nikamsomea. Nikamtafsiria taratibu, neno kwa neno.

"Alituambia wapo watakaosema hivyo," mama alijibu.

"Nani atasema?"

"Mtu yeyote anayejua Kiingereza. Alisema wanaandika hivyo kwa sababu kampuni kubwa zinazuia dawa zisitufikie sisi."

Hapo ndipo hasira yangu ya kwanza iliposhika. Yule mtu alikuwa amepita mbele yangu, akafunga mlango kabla sijafika. Niliweka kichupa mezani nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia, "Mama, unajua insulini yako ni kitu gani?" Insulini alikuwa anaitunza kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa maji, pembeni mwa kitanda, kama walivyomfundisha kliniki. "Insulini yenyewe ni peptidi. Ni mnyororo mfupi wa vitu vile vile vinavyojenga protini. Hiyo ilipimwa, ikajaribiwa kwa watu, inajulikana inafanya nini na inadhuru nini. Anachokuuzia huyu kwa jina kubwa, wewe unacho chunguni."

Alifikiri kidogo. Mama si mjinga, na nilifurahi kuona anafikiri.

"Basi ni ndugu," alisema. "Hii mpya imekuja kurithi kazi ya ile ya zamani."

"Si kila peptidi inafanya kazi sawa. Sumu ya nyoka nayo ina peptidi."

"Umekuja kunitisha au umekuja kunifunga kidonda?"

Nikamfunga kidonda. Nikiwa nimeinama kwenye mguu wake alizungumza juu ya kichwa changu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe hujui. Nikienda kule kliniki nikisema miguu inawaka, wananiambia ni uzee. Nikisema sioni vizuri, ni uzee. Silali, ni uzee, bibi, shukuru Mungu umefika. Yule baba wa sindano aliniamkia shikamoo, akavuta kiti, akanishika mguu huu huu unaonuka, akaniuliza unalalaje. Tangu niugue hakuna mtu aliyeniuliza ninalalaje."

Nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba asiache insulini, hata kama atachoma hiyo nyingine. Akaniahidi. Nikamwamini kwa sababu mama hana tabia ya kuahidi.

Njiani kurudi nilimpigia kaka. Yeye ndiye mkubwa, na tangu baba afariki amejiona baba. Nikamweleza maandishi ya kwenye kichupa.

"Mdogo wangu," alisema, "dunia imeenda mbali. Huku wakubwa wanachoma. Bosi wangu anachoma, ana miaka sitini, utamwona kijana."

"Bosi wako ana kisukari? Ana figo mbovu? Ana kidonda?"

"Sasa wewe unataka mama azeeke tu?"

Nikakata simu. Nilisimama barabarani mwendesha bodaboda akinisubiri. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Lilikuwa swali la kijinga lililovaa nguo ya upendo, na maswali ya namna hiyo hayajibiki.

Mama alishika ahadi yake kwa muda, halafu Dokta alipita tena. Haya niliyajua baadaye. Alipita nyumba kwa nyumba, akatazama kidonda, akasema kinakauka. Akamuuliza kama bado anachoma insulini. Mama akasema ndiyo. Akasema sindano mbili zinapigana mwilini, ile ya zamani inaichosha mpya, apumzishe ile ya zamani mpaka dozi iishe. Mama akapumzisha. Kwa siku za mwanzo alijisikia mwepesi, na aliwaambia majirani kwamba usingizi umerudi.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye shamba lake linapakana na letu, ndiye aliyenipigia. Nilikuwa darasani, asubuhi, kidato cha nne. Huwa sipokei simu darasani lakini jina lake lilinishtua, kwa sababu yeye hupiga jioni.

"Mwalimu, njoo," alisema. "Mama yako anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na ananiita kwa jina la marehemu shangazi yenu. Na ule mguu, mwanangu, chumba hakikaliki."

Mume wa jirani anaendesha lori la makaa ya mawe huko Ngaka, na kwa bahati alikuwa likizo na pikapu ya mdogo wake. Walimlaza mama nyuma juu ya godoro, jirani akimshikilia kichwa, wakashuka naye. Nikawakuta mapokezi ya hospitali mjini. Mama alinitazama akaniuliza kama kahawa imeanikwa. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Muuguzi alipompima sukari, kipimo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba iko juu.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko wengi wa wanafunzi wangu wa zamani, mwenye macho ya mtu ambaye zamu imemzidi. Alifanya kazi yake bila maneno, drip, insulini, dawa za kuua vijidudu, na mama alipotulia akanivuta pembeni. Nikampa kile kichupa nilichokikuta kwenye pindo la kitenge cha mama. Alikisoma kama nilivyokisoma mimi.

"Sijui ndani kuna nini," alisema. "Nikikudanganya kwamba najua nitakuwa kama aliyemuuzia. Inaweza kuwa kile kilichoandikwa, inaweza kuwa unga wa kitu kingine, na inaweza kuwa na vijidudu. Lakini kilichomleta hapa zaidi ni kuacha insulini akiwa na kidonda. Mguu umeoza mpaka juu ya kifundo."

"Utapona?"

"Yeye anaweza kupona. Mguu hapana."

Nikamuuliza jambo ambalo sikutegemea kuuliza. Nikamuuliza kama hizi peptidi za kurudisha ujana ni uongo mtupu.

Alikaa kwenye benchi kabla ya kujibu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa siku ile. "Si uongo wote," alisema. "Kuna watu makini wanazichunguza. Ziko peptidi ambazo ni dawa halali, zinatibu sukari, mifupa, mambo mengi. Inawezekana siku moja ikapatikana ya kumsaidia mtu kama mama yako, mzee, moyo hivi, figo hivi. Lakini ipimwe kwa watu kama yeye. Na mara nyingi watu kama yeye hawachukuliwi kwenye majaribio. Wanaambiwa ni wazee mno, wana magonjwa mengi mno, watavuruga majibu."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi na kila mara yananichemsha upya. Mtu anayehitaji dawa kuliko wote ndiye asiyetakiwa wakati wa kupima, na ndiye anayevutiwa kiti wakati wa kuuza. Mtafiti anamwona ni mgonjwa mno. Mwuzaji anamwona ni mgonjwa vizuri kabisa.

Mama alikatwa mguu chini ya goti. Alitia dole gumba mwenyewe kwenye fomu ya ruhusa, baada ya akili kumrudia, akiwa amemsikiliza yule daktari mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama mguu uliobaki nao uko hatarini. Daktari akamwambia ukweli. Mama akasema, "Haya. Fanyeni."

Kaka alifika kutoka Dar es Salaam siku ya pili baada ya upasuaji. Alishuka kwenye basi na suti, akaingia wodini, akaona pale shuka lilipolala bapa ambapo mguu ulitakiwa kuwa. Akatoka nje. Nikamfuata uani, mahali ndugu wa wagonjwa wanapopikia, na nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu siku ile ya barabarani.

"Umemwona kijana wako?" nilimwambia. "Amerudi ujanani?"

"Nilitaka apone," alisema.

"Ulitaka ujisikie umemtibu bila kupanda basi."

Wale akina mama waliokuwa wakipika uji waligeuka kututazama. Kaka alikuwa analia, mwanamume mzima, na sikumwonea huruma. Nilitaka alie. Nilitaka alie mpaka yule Dokta asikie. Na kwa kweli baada ya kujipangusa uso neno lake la kwanza lilikuwa, "Yuko wapi yule mtu?"

Namba yake ya simu ilikuwa haipatikani. Lakini Mbinga ni mji mdogo na habari zinatembea. Muuza dawa za mifugo sokoni alituambia kwamba Dokta ameshuka ziwani, yuko Mbamba Bay na vijiji vya jirani, anaita wazee wa Kinyasa kama alivyowaita wetu. Kaka akakodi gari. Tukamwacha mama mikononi mwa jirani yetu, tukateremka.

Barabara ile ya kushuka Nyasa ni nzuri siku hizi, lami tupu, inazunguka mlima na kuzunguka tena mpaka ziwa linatokea chini kama karatasi ya bati. Watu wanasimama kupiga picha. Sisi hatukusimama wala hatukusemezana. Baridi ya kwetu iliisha nusu ya njia, nikavua sweta, na harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, walioanikwa ikaingia dirishani kabla hatujaona nyumba.

Tulimkuta kwenye ukumbi wa kikundi, karibu na ufukwe. Koti jeupe lile lile. Wazee walikuwa wamejaa, wanaume kwa wanawake, wengine na fimbo, mmoja amebebwa kwenye kiti cha plastiki. Vikombe vya chai mikononi. Ukutani zilikuwa zinawaka zile chembe. Alikuwa anasema, kwa sauti ya upole ambayo ningeweza kuipenda mahali pengine, kwamba uzee ni ugonjwa kama magonjwa mengine na kila ugonjwa una dawa.

Nikasimama katikati ya ukumbi. Niliwasalimu wazee, shikamooni, wakaitika marahaba. Halafu nikasema, "Mama yangu alichoma dawa ya huyu mtu kule Kitura. Alimwambia aache insulini. Juzi amekatwa mguu."

Dokta hakushtuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Aliweka mikono pamoja kama padre.

"Dada, pole sana kwa mama. Naomba nikuulize mbele ya wazee wetu, alifuata masharti? Aliacha wanga? Aliacha chumvi? Dawa hii haitaki mchezo."

Katika maisha yangu sijawahi kumpiga mtu, na nimekaa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha pili. Siku ile mkono wangu ulijikunja wenyewe. Alikuwa amemchukulia mama mguu na sasa anamrudishia lawama. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema, bibi mmoja wa mstari wa mbele akanigeukia. Alikuwa mwembamba, mweusi wa jua la ziwani, magoti yake yamevimba mpaka kitenge kimekaa vibaya.

"Mwanangu, kaa chini," alisema. "Pole na mama. Lakini mwache aseme. Huyu ametuita. Wewe ungetuita?"

Wazee wengine wakaguna kumuunga mkono. Mzee mwenye fimbo akasema tumekuja na vurugu za milimani. Nikahisi machozi yananipanda, na yalikuwa ya hasira tupu, hasira kwa Dokta na kwa yule bibi na kwa chai waliyokuwa wanakunywa.

Kaka ndiye aliyesema. Alikuwa amebaki mlangoni na suti yake. Alisogea mbele, akavua koti, sijui kwa nini, akalishika mkononi. "Mimi ndiye niliyenunua," alisema. "Si huyu mdogo wangu. Yeye alikataa. Mimi nilinunua kwa sababu niko mbali na nilitaka kufanya kitu. Mama alifuata masharti yote. Mama yetu ni mtu wa kufuata masharti. Huyu Dokta alimwambia pumzisha insulini, akapumzisha. Sasa nimetoka kumwona, na hapa chini ya goti hakuna kitu." Akajishika mguu wake mwenyewe kuonyesha mahali. Sauti ikamkatika. Hakuongeza.

Mtu mmoja aliyekuwa nyuma akauliza, kwa adabu, kama dawa hii inapigana na vidonge vya presha pia. Dokta akaanza kujibu, lakini watu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Wengine wakainuka. Wengine, na sitalisahau hili, wakasogea kujaza viti vya waliotoka.

Mtendaji wa pale aliitwa na mtu. Alikuja, akaomba aonyeshwe kibali. Kibali kilikuwepo, cha kutoa elimu ya lishe. Cha kuuza sindano hakikuwepo. Akaamuru mkutano uvunjwe na sanduku la vichupa libaki ofisini kwake. Kaka alitaka mtu akamatwe pale pale. Mtendaji akasema yeye si polisi, atapeleka taarifa. Dokta alikunja kompyuta yake bila haraka, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, akaingia kwenye gari lake akaondoka. Tulisimama tukatazama gari likipanda mlima. Tulitoa maelezo kituoni, tukayatoa tena wilayani, tukaambiwa suala linafuatiliwa. Mpaka leo ninapoandika, ninachojua ni kwamba mtu mmoja alimwona mkoa mwingine, na koti bado ni jeupe.

Yule bibi wa magoti alinifuata nje, akitembea kwa kushika ukuta. Nilidhani amekuja kuniomba radhi na nilikuwa nimejiandaa kutompa.

"Basi sisi tufanye nini?" aliniuliza.

"Kwa lipi, bibi?"

"Kwa haya." Akayapiga magoti yake kwa kiganja. "Hospitali wamenipa vidonge vya maumivu, vikaisha, nikarudi, wakasema nimeshazeeka, nisibebe ndoo. Ndoo atanibebea nani? Wewe ni mwalimu. Umemfukuza. Sasa niambie."

Nilimwambia kuhusu mazoezi, kuhusu kupunguza kubeba, kuhusu kwenda hospitali kubwa. Alinisikiliza kwa heshima kama wanavyosikilizwa watu wanaosema mambo wasiyoyalipia. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akarudi ndani kuchukua kikombe chake.

Hasira iliyonibaki ina sura ya yule bibi kuliko ya Dokta. Tapeli ni tapeli, nimeshamweka mahali pake. Lakini Dokta hakuvunja mlango. Alipita kwenye mlango ambao sisi wengine tuliuacha wazi kila tulipomwambia mtu mwenye maumivu kwamba hana ugonjwa, ana umri. Neno "uzee" tumeligeuza kuwa ufagio wa kuwafagilia wagonjwa nje ya kliniki. Ndipo mtu wa kwanza atakayewaambia kwamba uzee wao una dawa anakuwa mwokozi, hata kama ndani ya kichupa chake kuna unga asioujua mwenyewe.

Mama sasa anakaa kwangu Mbinga. Anatembea kwa magongo mawili, kwa hasira, akiyagonga sakafuni kama anayepiga hodi. Hapendi kusaidiwa. Kaka anapiga simu kila jioni, na wao wawili wanazungumza vizuri, kwa sababu mama alimsamehe siku ile ile aliyomwona. Mimi bado. Nampa simu na kutoka nje.

Nimemsindikiza kliniki tangu hapo kila anapopangiwa. Safari moja kijana wa kupima presha alimuuliza ana tatizo gani, mama akasema mkono wa kushoto unakufa ganzi usiku. Yule kijana, bila ubaya, akacheka kidogo: "Bibi, huo si uzee tu?"

"Uzee naujua," mama alisema. "Ninao hapa, nimekuja nao. Nimekuuliza mkono."

Kijana akaacha kucheka. Akaita daktari, na mkono ukatazamwa, na ikaonekana kuna la kufanya. Si kubwa, lakini lilikuwepo.

Tukiwa tunarudi, ndani ya bajaji, alinigusa goti.

"Zile peptidi," alisema. Siku hizi neno hilo analitamka vizuri kuliko wanafunzi wangu. "Yule daktari msichana alisema zinachunguzwa kweli?"

"Alisema."

"Zikija za kweli, zilizopimwa, utaniambia?"

Nilitaka kumwuliza kama mguu mmoja haujatosha. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mbele, magongo yamelala mapajani, na usoni hakukuwa na tamaa yoyote ya kipumbavu. Alikuwa anauliza kama anavyouliza bei ya mbolea, kwa ajili ya msimu ambao anakusudia kuuona.

"Nitakuambia, Mama."

"Hata kama watasema nimezeeka mno?"

"Hata wakisema."

Akatikisa kichwa kukubali, akamwambia dereva apunguze mwendo, kwa sababu barabara ya kwetu ina mashimo.